Kona ya Bafu Haitaki Saruji

Nyumba nyingi za Ipagala, hapa Dodoma, zimepanda haraka. Mwaka 2016 serikali ilitangaza kuhamia Dodoma, mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji, na wenye viwanja wakajenga wakimfikiria mpangaji mtumishi: chumba cha masta chenye bafu lake, marumaru ukutani, bomba la mvua. Sasa mabafu hayo yameingia umri wa matengenezo. Mistari ya grauti kati ya vigae inapasuka, hasa kwenye kona, na tiba ya mtaani ni moja: nusu kilo ya saruji nyeupe, maji kidogo kwenye kopo, kisha mtu anapaka juu ya ufa kwa kidole. Panang'aa kwa wiki kadhaa. Halafu ufa unarudi palepale, na maji yanaendelea kupita kwenda nyuma ya ukuta.

Kazi ya kuziba nyufa hizi vizuri mtu yeyote makini anaweza kuifanya mwenyewe, au akamsimamia fundi. Vifaa vyake havihitaji kuagizwa mbali. Kinachowakwamisha wengi ni kutotofautisha sehemu mbili za bafu: mistari ya katikati ya ukuta na sakafu, ambayo hujazwa grauti, na kona, ambazo hazijazwi grauti kabisa. Nitaeleza sababu kwanza, maana mwenye kuijua sababu hadanganyiki dukani wala kwa fundi.

Ukuta wa kushoto na ukuta wa kulia wa bafu lako ni vitu viwili. Sakafu ni kitu cha tatu. Kila kimoja kinajongea kivyake. Dodoma iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na joto lake hupanda na kushuka sana: usiku wa Juni na Julai hufika nyuzi 13 au 14, mchana wa Oktoba na Novemba hupita nyuzi 30. Ukuta unaopigwa na jua la jioni unapata moto wakati ule wa ndani bado ni wa baridi. Asubuhi ya Julai mtu anawasha hita ya kuogea, na maji ya moto yanaupiga ukuta uliolala na baridi usiku kucha. Chini nako hakujatulia. Kwenye maeneo ya mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi hunywa mvua za Desemba hadi Aprili ukavimba, kisha kiangazi ukasinyaa na kuachia nyufa ambazo mkono unaingia. Tena mkoa huu umekaa kwenye ukanda wa Bonde la Ufa, na mkazi wa Dodoma anajua tetemeko dogo la kutikisa vyombo kabatini.

Grauti ya saruji ni ngumu. Ukiibana inavumilia sana, ukiivuta inakatika. Kuta mbili zikiachana hata kwa unene wa unywele, grauti iliyo kati yake lazima ipasuke, iwe nyeupe au ya kijivu, ya bei rahisi au ya bei ghali. Ndiyo maana miongozo ya kitaalamu ya kazi hii, ukiwamo ule wa Tile Council of North America, inataka kila mahali nyuso mbili zinapokutana, ukuta kwa ukuta au ukuta kwa sakafu, pajazwe kitu kinachonyumbuka. Kwa bafu, kitu hicho ni silikoni. Saruji nyeupe tupu ina ubaya wake wa ziada. Grauti ya dukani huchanganywa kiwandani na unga laini wa mawe na kemikali za kuongeza mshiko. Saruji nyeupe na maji peke yake husinyaa sana inapokauka, kwa hiyo inaweza kupasuka hata kabla ukuta haujajongea.

Kabla hujanunua chochote, zisome nyufa zenyewe. Ufa mwembamba ulionyooka kwenye kona, kutoka juu hadi chini, ndio ule niliousema, na tiba yake ipo. Grauti inayotoka unga ukiikwaruza kwa ukucha ilichanganywa maji mengi, au ilikauka haraka mno, au imeliwa na asidi, na yenyewe inatibika. Lakini ufa unaokatiza vigae vyenyewe, ukapanda mshazari hadi kwenye pembe ya dirisha, huo ni ufa wa nyumba. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake mbili, andika tarehe pembeni, uutazame tena mvua zikiisha na tena mwisho wa kiangazi. Kama unatembea, mwite mtu anayejua misingi, aangalie pia maji ya mvua kutoka kwenye bati yanaangukia wapi. Pesa ya grauti iache mfukoni kwanza.

Baada ya macho, gonga. Chukua sarafu au kitako cha bisibisi, pita kigae kimoja baada ya kingine, katikati na kwenye pembe zake nne. Kigae kilichoshika hutoa mlio mfupi na mkavu. Kilichoachia hutoa mlio mzito wa uwazi, na sikio linautambua hata kama hujawahi kushika mwiko. Baadhi ya mafundi wana desturi ya kuweka madonge matano ya saruji mgongoni mwa kigae, moja katikati na manne pembeni, kisha wanakikandamiza ukutani. Nafasi inayobaki kati ya madonge ni hewa, na maji yakipenya kwenye ufa yanakaa humo. Nilimtazama fundi akigonga safu ya chini kwenye bafu moja hapa Ipagala. Vigae vya karibu na kona vikajibu kwa sauti tofauti na vyote vingine. Alipoingiza ncha ya patasi, kigae kimoja kilitoka kizima bila kuvunjika. Mgongoni kilikuwa na madonge yake matano, katikati yake ukoko mweupe wa chumvi, na lipu ya nyuma ilikuwa imelowa kiasi cha kuacha maji kwenye kidole. Mahali kama hapo grauti mpya haisaidii. Kigae king'olewe, lipu iachwe ikauke, kisha kibandikwe upya kwa gundi ya marumaru iliyotandazwa mgongo mzima kwa mwiko wa meno.

Kipimo cha tatu ni maji. Maana huenda unyevu unaouona upande wa pili wa ukuta hautoki kwenye grauti, unatoka kwenye bomba lililozikwa humo. Kama nyumba yako inapokea maji moja kwa moja kutoka DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, funga koki zote usiku, soma mita, uisome tena alfajiri. Kama unatumia simtanki, mita haitakuambia kitu kuhusu mabomba ya ndani. Weka alama ya kiwango kwenye tangi, funga maji yanayoingia na koki zote za ndani, uangalie asubuhi. Kwa sakafu ya bafu lenye kizingiti, ziba tundu la maji machafu, jaza maji kina cha sentimita mbili, uyaache saa 24. Hewa ya hapa ni kavu na maji hupungua yenyewe, kwa hiyo weka pembeni beseni pana lenye maji ya kina kilekile. Maji ya sakafuni yakipungua sana kuliko ya beseni, maji yanakwenda chini, na hapo tatizo limepita grauti.

Jambo hili nalisisitiza kwa sababu watu wanapoteza pesa nyingi kwa kutolijua: grauti haizuii maji yote, hata ikiwa nzima. Inapitisha unyevu kidogo. Kizuizi cha kweli ni ile dawa ya kuzuia maji inayopakwa kwenye lipu kabla ya kubandika marumaru. Kama fundi aliiruka, grauti nzuri na silikoni nzuri zitapunguza maji yanayoingia kwa kiasi kikubwa, na kwa bafu la familia ndogo huenda zikatosha kwa miaka. Lakini hazichukui nafasi yake.

Ukishajiridhisha kwamba vigae vimeshika na mabomba hayavuji, panga kama wiki mbili ambazo bafu hilo halitatumika. Ongea na watu wa nyumbani mapema, waoge bafu lingine au la nje. Kazi nyingi za grauti zimeharibiwa na mtu aliyeingia kuoga siku ya pili.

Anza kwa kutoa grauti mbovu. Kupaka mpya juu ya ya zamani hakufai, kwa sababu tabaka jembamba halina cha kushikilia na litabanduka vipande vipande. Kwenye mistari ya ukutani, toa angalau theluthi mbili ya unene wa kigae. Kigae cha milimita 9 maana yake uchimbe kama milimita 6. Kuna kikwaruzio maalumu cha kazi hii, lakini kipande cha msumeno wa kukatia chuma kilichozungushiwa kitambaa upande wa kushikia kinafanya kazi nzuri kwenye mistari ya milimita 2 au 3. Grainda ni ya haraka, ila mkono ukiteleza mara moja tu umekata kigae, na kigae cha toleo lile huenda hakipo tena sokoni. Kwenye kona, toa kila kitu hadi mwisho. Kama palikuwa na silikoni ya zamani, ikate kwa wembe pande zote mbili, ivute, ukwangue mabaki yote, upafute kwa spiriti. Silikoni mpya haishiki juu ya silikoni kuukuu, na hata utando usioonekana unatosha kuifanya ibanduke.

Vaa barakoa na miwani wakati wa kukwangua. Vumbi la grauti lina chembe za mchanga laini zinazodhuru mapafu, na bafu ni chumba kidogo. Fungua dirisha.

Ukikuta weusi wa ukungu, sugua kwa brashi ya meno kuukuu na jiki iliyozimuliwa kwa maji, iache dakika kumi hadi kumi na tano, suuza vizuri. Na hapa naomba usikilize: jiki isikutane kamwe na asidi, wala na dawa ya kusafishia choo yenye asidi, wala na siki. Vikichanganyika hutoa gesi ya klorini, na kwenye bafu lililofungwa gesi hiyo inaweza kuua. Kama jana ulisafisha kwa asidi, mwaga maji mengi kwanza, na jiki isubiri siku nyingine.

Kisha acha pakauke siku mbili. Kwa hili kiangazi cha Dodoma ni msaada mkubwa. Kazi ileile Tanga au Unguja ingekutaka usubiri zaidi.

Mistari isiyozidi milimita 3 hujazwa grauti laini isiyo na mchanga. Mipana zaidi ya hapo inataka yenye mchanga, la sivyo itasinyaa. Changanya kidogo kidogo, kiasi utakachomaliza kwa nusu saa. Maji fuata maandishi ya mfuko; mara nyingi kilo moja ya grauti laini huchukua kati ya robo lita na theluthi moja ya lita. Iwe nzito kama siagi ya karanga. Iache dakika tano hadi kumi, ikoroge tena bila kuongeza maji, ndipo uanze. Hiyo hamu ya kuongeza maji ili ipakike kirahisi ndiyo chanzo cha grauti inayotoka unga. Lowesha mistari kidogo kwa brashi, ingiza grauti kwa raba ukiisukuma kwa mshazari hadi ndani, ondoa ziada, usubiri dakika kumi na tano hadi thelathini, kisha futa kwa sponji iliyokamuliwa vizuri. Sponji inayochuruzika inaosha nguvu ya grauti na rangi yake pamoja. Ukungu mweupe unaobaki juu ya vigae utautoa kwa kitambaa kikavu. Asidi usiiguse, ingawa fundi atakuambia ndiyo njia ya haraka.

Kwenye kona usiweke kitu. Grauti ikiingia humo, itoe kwa ncha ya kijiti kabla haijakauka.

Hapa sasa hali ya hewa iliyokusaidia kukausha ukuta inageuka kuwa adui. Saruji haipati nguvu kwa kukauka, inapata nguvu kwa kushikamana na maji, na upepo mkavu wa Julai hadi Oktoba huyanyonya maji hayo kabla kazi haijakamilika. Grauti inaonekana ngumu kwa juu huku ndani ni unga. Kwa hiyo fanya kazi jioni, funga dirisha baada ya kumaliza, na kwa siku tatu nyunyizia maji kidogo kwa chupa ya kupulizia asubuhi na jioni. Ukiweza, bandika nailoni nyepesi juu ya ukuta. Hatua hii haigharimu kitu na karibu hakuna anayeifanya. Ningeambiwa nichague jambo moja tu la kumwambia fundi wa Dodoma, ningechagua hili.

Siku ya nne na ya tano acha bafu likauke. Siku ya sita, silikoni.

Dukani omba silikoni ya bafuni, yenye dawa ya kuzuia ukungu, na uangalie tarehe ya mwisho ya matumizi kwenye tyubu. Iliyokaa muda mrefu kwenye duka la bati lenye joto huenda isigande kabisa. Zipo za aina mbili kubwa. Ile inayonuka siki inashika vizuri kwenye uso unaong'aa wa kigae na kwenye kioo, lakini inashika vibaya kwenye saruji na inakula chuma. Isiyonuka siki ni ghali kidogo na ndiyo ninayoipendekeza, kwa sababu ndani ya kona zetu kuna saruji na lipu vilivyo wazi. Usikubali kuuziwa ile ya kujazia nyufa za rangi, inayooshwa kwa maji. Hiyo si ya bafu. Kwa bafu la sentimita 90 kwa 90 lenye kuta tatu, kona mbili za kusimama za mita mbili na pande tatu za chini zinafanya kama mita 6.7. Tyubu ya mililita 300, ukipiga mstari wa milimita 6, inakwenda kama mita 8. Moja inatosha.

Bandika tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, pande zote mbili za kona, milimita tatu au nne kutoka katikati. Kama nafasi ya kona ni ya kina kirefu, tanguliza kipande chembamba cha sponji ndani, ili silikoni ishike kuta mbili tu na nyuma ibaki huru. Ikishika pande tatu haiwezi kunyumbuka na itachanika. Kata mdomo wa tyubu kwa mshazari, piga mstari mmoja bila kukatisha kutoka juu hadi chini, kisha chovya kidole kwenye maji ya sabuni, upitishe mara moja kwa mgandamizo uleule. Kupitisha mara ya pili na ya tatu ndiko kunakoleta mabonde. Ng'oa tepu papo hapo, silikoni ikiwa bado mbichi, ukiivuta kuelekea mbali na kona.

Halafu subiri zaidi ya yaliyoandikwa kwenye tyubu. Silikoni hugandishwa na unyevu wa hewani, kuanzia juu kwenda ndani, kama milimita mbili au tatu kwa siku kwenye hewa ya kawaida. Hewa ya Ipagala mwezi wa Agosti si ya kawaida, ni kavu. Juu itakuwa na ngozi baada ya saa moja na utadhani imekamilika, ndani bado ni laini. Ipe siku mbili hadi tatu, na uweke ndoo mbili za maji wazi ndani ya bafu mlango ukiwa umefungwa, ili hewa ipate unyevu. Wakati wa mvua itachukua muda mfupi zaidi.

Kuitunza kazi hii kunategemea sana utakachomwaga ukutani. Maji mengi ya jiji yanatoka visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na yana madini. Ukoko mweupe unaouona kwenye birika ndio unaojijenga kwenye vigae. Watu wanautoa kwa asidi, na asidi inayoyeyusha ukoko inayeyusha na grauti pia, maana vyote viwili asidi inavila. Futa ukuta kwa kitambaa baada ya kuoga, ukoko hautapata nafasi. Uliokwisha kushika, tumia siki iliyozimuliwa, kwenye uso wa kigae tu, dakika chache, kisha suuza. Dirisha la bafu liachwe wazi mchana.

Kwa mpangaji: piga picha za nyufa, mpelekee mwenye nyumba kabla hujagusa kitu, mkubaliane kwa maandishi nani ananunua vifaa na kama gharama itakatwa kwenye kodi. Mwenye nyumba naye asione hili kuwa ni usumbufu. Tyubu moja ya silikoni na mfuko mdogo wa grauti ni gharama ndogo sana ukilinganisha na kubomoa ukuta wa bafu na kupaka upya rangi chumba cha upande wa pili.

Na wewe unayejenga sasa hivi, Ipagala, Ilazo au kwingineko, mwambie fundi wako wa marumaru kabla hajachanganya grauti ya kwanza: kona zote za bafu aziache tupu, za kusimama na za chini, na tyubu ya silikoni umnunulie wewe mwenyewe.